Mpishi Aliyejifunza Kumeza Upya

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya huko Nyanza-Lac, nilipewa bakuli la uji nimlishe mgonjwa. Nilikuwa nimetoka shule na diploma yangu ya uuguzi mkononi, nikaona nimedharauliwa. Mkuu wa kituo, ambaye sote tulimwita titilere, akaona nilivyonuna.

"Mutoto wangu," akaniambia, "sindano utachoma kesho. Kulisha nayo iko kazi ya muganga. Weka kidole kwa kongomeo, usimupe kijiko ingine mpaka lipande na lishuke."

Kongomeo ni ile nundu ya shingoni. Likipanda, njia ya hewa hufungwa na chakula kikapita salama. Sikuwahi kupata somo bora kuliko hilo.

Baadaye nilihamishiwa hospitalini Rumonge, wodi ya watu wazima, na huko ndiko nilikomjua Mama Saada, mpishi wa harusi. Ndoa iliyokosa pilau yake watu waliisema mwaka mzima. Alikuwa ametibiwa saratani ya koo kwa mionzi, nje ya nchi. Saratani iliondoka, lakini mionzi ilimkausha mate na kuikaza misuli ya shingo, akawa analishwa kwa mpira uliopitishwa tumboni. Alitaka jambo moja tu: kula tena sinia moja na watu wake.

Mumewe alimpenda, na mapenzi hayo nusura yamuue. Kila alipokohoa, alimkimbizia kikombe cha maji. Aliyekwamwa na tonge hushushia maji, nani asiyejua? Lakini kwa koo lililochoka maji ndiyo hatari. Hukimbia kabla mlango wa hewa haujafungwa, mtu akapaliwa, na yakishuka mapafuni huleta homa. Ndiyo iliyomlaza kwetu.

Alipopona homa, daktari mkuu, mtu wa maneno machache, aliniita. "Mutaalamu wa kumeza hatuna. Tuko na wewe. Anza na usafi wa mudomo, halafu pole pole."

Nilimkalisha wima, ainamishe kidevu kifuani, ameze, ameze tena hata kama mdomo ni mtupu, kisha aseme neno. Sauti ikitoka na majimaji, kama ya mtu anayesukutua, tunaacha. Wagonjwa wengi walinichukia kwa mazoezi hayo. Yeye aliyabeba hadi nyumbani, akarudi hata jikoni kupika, mpira ukiwa chini ya kitenge. Mchuzi aliuonja kwa ncha ya ulimi na kuutema, kama wapishi wanavyofanya wakiwa wamefunga.

"Muganga," aliniambia akicheka, "Ramadhani ya wengine inaisha. Yangu mwezi umekataa kuandama."

Nilicheka naye, kisha nikaenda kulia stoo. Miezi ilipita hivyo, na hakukosa kliniki hata mara moja.

Siku moja, kwa ruhusa ya daktari, nilimpa kijiko cha uji mzito niliopika mwenyewe. Akainama. Kongomeo likapanda, likashuka, likapanda tena.

"Sema neno, mama."

Akanitazama, na sauti ikatoka safi kabisa: "Nani alipika hii uji? Imeungua."

Sijawahi kutukanwa nikafurahi kiasi kile.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaoanza uuguzi huniuliza ni kazi gani iliyonipa fahari, wakitarajia niwatajie upasuaji. Nawatajia kijiko. Na nawaambia fahari yenyewe ni ya Mama Saada, maana mimi nilifundisha tu. Aliyeshinda njaa, aibu na hofu ya kupaliwa ni yeye. Namheshimu kuliko wakubwa wangu wote.

Idi iliyopita alinialika kwake. Mpira ulikwisha kutolewa. Tulizunguka sinia, yeye upande wake ukiwa na wali laini uliolowa mchuzi. Sisi tulishiba zamani, naye bado anainama, anameza, anameza tena. Na kwetu, kunawa kabla mwenzako hajamaliza ni kumfukuza. Mumewe akaacha mkono ndani ya sinia, akifinyanga kitonge asichokila. Watoto wakafanya vilevile, na mimi pia.

Mama Saada akatuona. "Si munawe? Munangoja nini?"

"Hatungoji kitu," mumewe akajibu. "Bado tunakula."