Piano Aliyoirekebisha Absalom

Absalom Ondiek hakuumbwa kukaa. Mkewe Jacinta, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale sokoni Otonglo, huwaambia wateja kwamba siku mzee huyu akifa, atafufuka kwanza anyooshe msumari wa jeneza lake ndipo akubali kuzikwa. Wateja hucheka, lakini Jacinta hatanii sana. Ameishi miaka thelathini na minne na mtu asiyeweza kumaliza kikombe cha chai bila kuinuka kurekebisha kitu, iwe bawaba ya mlango, iwe redio ya jirani.

Kazi yake ni kukaza nyuzi za piano. Mjini Kisumu piano si nyingi, na zilizopo ziko makanisani, zimezeeka, na unyevu wa ziwa unazila polepole. Kazi hiyo alifundishwa utotoni na mwalimu wa kwaya, mtu wa rula mkononi, aliyemwonyesha kwamba kila sauti ina mahali pake pamoja tu na nje ya hapo ni makosa. Nyumbani kwao alikuwako mjomba aliyepiga nyatiti, kile chombo cha nyuzi nane, kwenye matanga. Mwalimu alisema nyuzi za mjomba hazikukazwa sawa. Mtoto akaamini. Tangu hapo, kila mjomba alipoketi kupiga, Absalom aliondoka akaenda kukaa upande wa pili wa boma, meno yakimuuma. Nayasema haya mapema ili usije ukamwita mjinga. Sikio lake lilikuwa zuri, ila lilikuwa limefungwa upande mmoja.

Ijumaa moja ya mwezi wa Aprili aliitwa kwenye ukumbi wa kanisa mtaani Milimani. Sylvia Aloo, mwanamke kijana aliyesomea muziki Nairobi, alikuwa ameandaa jioni ya muziki mpya, jazz na muziki wa vyombo vichache, yote kazi ya watunzi walio hai. Hilo la kuwa hai lilimtia Absalom wasiwasi. Watunzi aliowazoea walikufa zamani, na mtunzi aliyekufa haji kulalamika. Piano ingetumika mara moja tu, mwisho kabisa, katika kipande alichokitunga Sylvia mwenyewe kwa piano na nyatiti. Mpigaji nyatiti alikuwa Mzee Oluoch wa Asembo Bay, ambaye Sylvia alimfuata kwa miaka miwili kabla hajakubali kuja.

Absalom alikaza nyuzi tangu saa mbili asubuhi hadi saa tano. Alipomaliza aliwaonya wote waliokuwepo kwamba piano isiguswe, akarudi nyumbani. Saa saba mvua ikanyesha. Jacinta alimwekea ugali na samaki, lakini mzee alikula vijiko viwili vya mchuzi tu, mguu ukimtetema chini ya meza. Mvua ina unyevu, unyevu una hila. Jacinta alimwambia aketi, hakuna aliyemwita. Akasema anakwenda kuangalia tu.

Huo ndio mtindo wake. Kabla ya shughuli yoyote lazima arudi kukagua, aitwe asiitwe. Saa tisa na nusu aliukuta ukumbi mtupu, watu wamekwenda kula. Akafungua piano, akapitisha vidole. Sauti nane za katikati zilikuwa zimeshuka, nyingine kidogo, nyingine sana. Mtu mwingine angejiuliza ni unyevu gani huo unaochagua sauti nane na kuwaacha majirani zake wazima. Absalom naye alijiuliza, tena kwa dakika nzima, lakini mkono ulikuwa umeshaingia kwenye mfuko wa vyombo. Kuuliza si ujinga, na simu ya Sylvia alikuwa nayo. Hakupiga. Alichomeka kabari za mpira kati ya nyuzi, akashika ufunguo wa kukazia, akapandisha zote nane hadi zilipokaa sawasawa. Kisha akaketi kwenye benchi la nyuma ametulia, jambo ambalo Jacinta angelipa nauli kuja kuliona.

Saa kumi na mbili kasorobo watu walianza kuingia. Sylvia akamjia amevaa gauni la kijani, anasugua viganja, akainama kumsalimu.

"Mzee, usinikasirikie," alisema. "Mchana nimeguza piano yako. Kuna nota nane nimeteremsha ifanane na nyatiti ya Mzee Oluoch. Tumekaa nayo masaa tatu. Niliogopa kukwambia, ungekataa."

Na kweli angekataa. Mwaka uliotangulia alimfokea mbele ya watu kwa kuweka chupa ya soda juu ya piano hiyohiyo, na binti alikuwa hajasahau. Sasa alisimama pale anangoja kufokewa tena. Absalom alifungua mdomo, na kilichotoka humo ni kwamba hakuna shida. Sylvia akacheka kwa nafuu aliyoipata, akamshika mkono, akaenda kupokea wageni.

Mzee aliubana ufunguo wake mfukoni. Sehemu ya kwanza ya jioni ilianza, na siwezi kukueleza mengi kuihusu, kwa sababu yeye mwenyewe hakuisikia. Vijana wanne walipiga jazz ya gitaa, besi, saksafoni na ngoma, utunzi wa yule wa saksafoni, na watu wakaitikia kwa vichwa. Kisha wakaja watatu wa fidla na selo na muziki uliokwenda kwa kusitasita. Absalom aliiangalia piano iliyofunikwa kitambaa pembeni. Aliinuka, akaketi, akaenda chooni bila haja, akarudi, akamkanyaga mama mmoja kidole, akaomba radhi, akainuka tena. Alijiambia labda hakuna atakayetambua. Akajiambia pia kwamba piano sasa iko sawa, na aliyekosea ni aliyeiteremsha. Maneno hayo yalimfaa kwa dakika mbili. Halafu akamwona Mzee Oluoch amekaa kando ya jukwaa, nyatiti mapajani, amesafiri kutoka Asembo Bay kwa ajili ya sauti nane ambazo yeye, Absalom, alikuwa amezifuta kwa saa moja.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mapumziko yalipotangazwa, dakika ishirini, alikwenda moja kwa moja hadi nyuma ya jukwaa akamwambia Sylvia alichokifanya. Hakutaja mvua ili kujitetea.

Sylvia hakumfokea. Machozi yalimlengalenga, akageukia ukutani, na alipogeuka tena sauti yake ilikuwa kavu.

"Mimi nilichukua masaa tatu, Mzee. Wewe uko na dakika ishirini."

Sauti moja ya piano ina nyuzi tatu, kwa hiyo nane ni nyuzi ishirini na nne. Absalom alivua koti. Mzee Oluoch alisogeza kigoda chake karibu na piano, akaupiga uzi wa kwanza wa nyatiti, akangoja. Absalom alilegeza, akasikiliza, akalegeza, na mkono ukasimama wenyewe mahali fulani. Mzee Oluoch akatikisa kichwa.

"Hapo umesimama kanisani, omera," alisema kwa upole, akimwita ndugu kwa Kijaluo. "Teremka kidogo."

Akateremka. Kila sauti ilikuwa vita hiyohiyo. Mkono uliozoea miaka arobaini ulikataa kupita pale ulipofundishwa kukoma, na mzee wa Asembo akaurudia uzi wake bila kuchoka, akimsukuma zaidi ya hapo, hadi sauti mbili zikalingana. Jasho lilimwingia machoni. Watu walikuwa wameanza kurudi na soda zao, wakawaona wazee wawili jukwaani, mmoja akipiga uzi, mwingine akilegeza, wakanyamaza kwa heshima. Wengine walidhani ni sehemu ya programu. Muziki mpya ndivyo ulivyo, hujui umeanza lini. Alipomaliza sauti ya saba, mtu akapiga makofi. Sylvia akamgusa bega, akasema muda umekwisha.

"Bado moja," Absalom alisema.

"Najua ni gani."

Sylvia aliketi kwenye piano akaanza. Nyatiti ilitangulia, piano ikafuata nyuma kama mtoto mdogo anayemfuata kaka yake shambani, na Absalom, amesimama karibu na mlango na ufunguo wake mkononi, akasikia sauti saba zikikaa ndani ya nyuzi za mzee bila kugombana. Meno hayakumuuma. Kisha wimbo ukafika kwenye sauti ya nane, na kidole cha Sylvia kikaenda hadi juu ya kibonyezo, kikasita, hakikubonyeza. Nyatiti ikapita hapo peke yake. Wimbo ukazunguka, ukarudi, na pale pale tena pakawa na shimo. Absalom alihesabu mara kumi na moja. Kila mara alijua ukubwa wa lile shimo, na alijua ni nani aliyelichimba.

Walishangiliwa sana. Bwana mmoja mwenye tai alimweleza Absalom, akimdhania mpenzi tu wa muziki, kwamba ule ukimya ndio uliomgusa zaidi, kwamba kijana huyu anajua kuacha nafasi. Absalom aliitikia kwa kichwa. Aliona aibu zaidi kuliko kama angezomewa. Alipomwendea Sylvia kumpa pole, binti alimshukuru kwa zile saba, akaondoka kwenda kukumbatiwa na watu.

Uani, wakati Mzee Oluoch anaivika nyatiti gunia lake, Absalom alimwomba ampigie uzi wa nane. Mzee akaupiga. Absalom akaimba. Oluoch akasema bado. Wakarudia hivyo, mzee na mzee, hadi gari la Asembo lilipopiga honi mara ya tatu na Oluoch akasema sasa umefika. Absalom alikwenda nyumbani akiivumisha sauti hiyo puani, akala akiivumisha, na Jacinta, aliyezoea mengi, alimuuliza kama ni ugonjwa.

Jumamosi asubuhi na mapema mchungaji alipiga simu. Kesho kuna ibada, na piano inasikika vibaya, airudishe kama ilivyokuwa. Absalom alisema sawa.

Ukumbi ulikuwa umefagiliwa, viti vimepangwa safu. Alifungua piano, akachomeka kabari, na kabla ya kupandisha chochote akaanza na ile ya nane. Aliiteremsha uzi baada ya uzi, akiivumisha puani, akapita pale mkono ulipotaka kukoma, akaendelea kuteremka hadi ilipofika. Kisha akabonyeza zote nane, moja moja, kutoka chini kwenda juu. Zilikuwa nzuri. Alizirudia, akakaa, mguu haumtetemi, akatamani mjomba wake angekuwa hai amwombe radhi.

Halafu akashika ufunguo akaanza kuzipandisha kwa ajili ya ibada. Aliifanya kazi hiyo vizuri, kama alivyofundishwa. Lakini katika miaka yake arobaini ya kazi, ilikuwa mara yake ya kwanza kuikaza piano na kuona anaiharibu.