Nilikariri hadithi ya Kiingereza wiki tatu, nikafika Bunda nikakuta wenzangu wameikariri pia

Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo. Huu ni uzi wangu wa kwanza, huwa nasomaga tu na kuondoka. Ninayoandika ni kweli tupu, nimeyatoa kwenye daftari ambalo hata dada yangu hajui nalificha wapi.

Nipo Form Three, shule moja huku Butiama.

Aibu yangu ni ya kiwango cha juu. Tangu Form One, Kiingereza pekee nilichowahi kutamka darasani ni "Present, madam." Kuna siku nilikitamka kwa sauti ndogo mpaka nikaandikwa mtoro.

Ila kuandika naandika vizuri, na hapo ndipo nilipojiponza. Yalitangazwa mashindano ya kusimulia hadithi kwa Kiingereza pale Bunda, kila shule mwanafunzi mmoja. Wawili bora wanakwenda ya mkoa, Musoma.

Madam wa English akasoma jina langu. Darasa likageuka kunitafuta, wengine hawakujua hata nakaaga wapi. Neema, anayeongea English kama maji, akauliza kama Madam hajakosea jina. Madam akasema hajakosea.

Basi nikaapa sitamwaibisha.

Baba anauza vipuri vya baiskeli mtaa wa Mukendo, Musoma mjini. Nikamwomba aninunulie hadithi ya Kiingereza kwenye stationery ya huko, akaleta karatasi tatu za fotokopi. Hadithi yenyewe: kijana Peter kala nyama ya sikukuu, kamsingizia mbwa. Vocabulary zimekolezwa wino, idioms zimepigiwa mstari, maana ziko chini. Kitu kinachotokea kwa nadra sana ni once in a blue moon. Ukisikiliza kwa makini, unakuwa all ears. Ukitoboa siri, umespill the beans.

Wakuu, niliona nimeokota dhahabu ya Kiabakari.

Wiki tatu nilikariri. Jioni nikipeleka ng'ombe kunywa maji kule Mwitongo, nawasimulia wao. Mama akanikuta namnyooshea ndama kidole, namwambia Peter aspill the beans. Akaniambia:

"Mwanangu, hao wamezoea Kizanaki. Utawakausha maziwa."

Siku ikafika. Tulikuwa saba, mimi wa sita. Wa kwanza akasimulia yake, sawa. Wa pili, binti wa shule ya palepale Bunda, akaanza: "Once upon a time, there was a greedy boy called Peter."

Nikasema labda ni Peter mwingine.

Akala nyama. Akamsingizia mbwa.

Nikajipa moyo kwamba hiyo ni bahati mbaya ya mara moja. Wa nne akapanda. Peter. Kuna neno lilififia kwenye fotokopi likabaki nusu, naye akalitamka nusu vilevile kama nilivyokariri mimi. Jaji mmoja akaweka kalamu chini.

Nikafikiria kusingizia tumbo. Nikamtazama Madam, yuko mstari wa mbele, mkoba mapajani. Alikuwa ameshanisikiliza nikifanya mazoezi, kwa hiyo alijua nimekwisha.

Jina likaitwa. Nikapanda, nikasema, "My story is Peter also. I am sorry."

Ukumbi ukaangua kicheko. Jaji mzee mwenye miwani akasubiri kitulie, akasema taratibu, "Then tell us how you learned it."

Hilo sikuwa nimelikariri.

Nikaanza kuokoteza. Nikasema nimejifunza na ng'ombe. Nikaeleza mama alivyonikuta. Kiingereza kilikuwa kinachechemea, past tense naisahau njiani, narudi kuifuata. Mara nikajisikia nasema, "In class I talk once in a blue moon. But the cows, they were all ears."

Wakacheka tena, ila safari hii walinyamaza wakisubiri niendelee. Nikaendelea.

Nilikuwa wa tatu. Wa kwanza ni yule binti wa Bunda na Peter wake, maana matamshi yake yamenyooka. Musoma sikwenda.

Nje nikamwomba Madam msamaha.

"Nilikutuma ukaongee," akasema. "Umeongea."

Nilichojifunza: hadithi fupi zinafundisha kweli, msiache kusoma. Ila ile all ears niliikariri wiki tatu nikiwa najua maana yake tu. Nimeielewa siku niliyoisema juu ya ng'ombe wetu.

Msidhani nimebadilika sana. Tangu siku ile nimenyoosha mkono darasani mara mbili tu. Moja ilikuwa ya kuomba kwenda chooni. Lakini niliomba kwa Kiingereza, na Madam hakuniuliza nimesemaje.

Waliopata English kwa njia za ajabu, karibuni hapo chini. Mcheke, ila taratibu.