Asubuhi Niliyomsukuma Mtani wa Mjomba

Nakumbuka asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu, na kila ninapokuona umemkunjia mtu uso kwa neno dogo, asubuhi ile hunirudia. Kaa hapo. Chai ikipoa tutaipasha.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilitoka hapa Tabora kwa treni kwenda Dar es Salaam, kwa mjomba wangu Mihambo, fundi wa reli wa siku nyingi aliyekuwa karibu kustaafu. Alinitafutia kazi ya ukarani mdogo stesheni. Basi nikavaa kaptula iliyopigwa pasi na soksi ndefu, nikajiona nimefika. Maskini mimi.

Siku za mapumziko, maji yakiwa yamekupwa, mjomba alikwenda ufukweni kuokota. Aliokota kauri, makombe, vipande vya mbao vilivyolainishwa na chumvi, hata kamba zilizokatika. Alisema anawapelekea watu wa kijijini kwetu Ntalikwa, ili nao waliobaki nyumbani waishike bahari. Lakini nadhani alikuwa anajizoeza kukaa bila kazi. "King'ora cha karakana ndicho kimeniamsha miaka yote hii," aliniambia. "Nikirudi nyumbani nani ataniamsha? Hapa najifunza kuamka mwenyewe."

Hakuwa peke yake. Alifuatana na Mzee Kondo, Mzaramo, mtani wake. Unajua sisi Wanyamwezi na watu wa pwani tu watani tangu babu zetu waliposhuka na misafara. Mtani anakutukana, anakunyang'anya kofia, nawe unacheka; na siku ukifa ndiye anayeshika jembe la kaburi lako. Wazee wale walitukanana kutoka mwanzo wa ufuko hadi mwisho, na katikati ya matusi walizungumza habari za magoti yao, wake zao, na uzee. Kondo alikuwa ameapa kwamba akisikia Mihambo amekufa, atapanda treni mpaka Tabora kuja kumcheka.

Siku hiyo mjomba alijaza kikapu, akakiweka begani. Kondo akapaza sauti watu wote wasikie.

"Jamani, mwoneni Mnyamwezi! Meno ya tembo yamekwisha, sasa anabeba maganda! Na huyu mpwa wake kavaa soksi, lakini bega lamwasha, lataka mzigo!"

Akakinyakua kikapu, akakimwaga chote majini.

Wanawake waliokuwa wakiokota chaza walicheka. Mjomba alicheka kuwapita. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaficha makarani wenzangu kwamba babu yangu alikuwa mpagazi, na neno lile la bega lilinichoma. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi siku ile nilijikwaa mkono na ulimi. Nikamsukuma Mzee Kondo, mtu wa umri wa baba yangu, akaanguka chali mchangani, nikamwambia, "Sisi si wapagazi wako! Usituzoee!"

Kicheko kikakatika. Kondo aliinuka taratibu, akajipangusa, akaenda zake. Mjomba akanitazama.

"Nani amekwambia nimeumia?" akauliza. "Umemtetea nani?"

Jibu lake, mwanangu, ninalo leo.

Kesho yake mjomba alimpelekea Kondo kuku, maana ukimkasirikia mtani hulipa faini. Kwa kusudi alimchagua aliyekonda kuliko wote sokoni, ili Kondo apate la kusema. Nilisimama nyuma yake nikiomba Mungu yule mzee atutukane. Kondo akampokea kuku kwa mikono miwili.

"Ahsante sana, Bwana Mihambo. Mungu akuzidishie."

Nikapiga magoti, nikamwomba radhi.

"Nimekusamehe, kijana. Sina kinyongo. Ila kicheko hakiji kwa kuitwa."

Adabu ile ilituumiza kuliko matusi. Tangu hapo alimsalimu mjomba kama mtu anayemsalimu karani wa bomani. Mjomba akawa anakwenda ufukweni peke yake, kisha akaacha. Siku aliyostaafu, Kondo alikuja stesheni na kanzu safi, akamtakia safari njema. Nilimsindikiza kwa treni, na tulipita Morogoro mjomba akiwa bado anatazama dirishani. "Amenipa mkono kama mgeni," alisema.

Hakukaa sana Ntalikwa. Alipofariki tulimpelekea Kondo simu ya maandishi, naye akajibu kwa simu kama hiyo, pole nyingi zenye maneno mazuri. Hakuja. Watani wengine walikuwepo, wakafanya kazi yao na watu wakacheka, lakini hapakuwa na hata mmoja aliyemjua mjomba vya kutosha kumtukana ipasavyo. Nililia siku ile kwa jambo ambalo hakuna aliyelijua msibani, na mpaka leo linaniuma.

Basi shika neno langu. Hasira hasara utaambiwa na kila mtu, mimi nakuongezea. Kabla hujamtetea mtu, mwulize kwanza kama ameumia, maana pengine anayeumia ni wewe na kiburi chako. Usiionee haya kazi iliyomlisha babu yako. Mwenye kuona haya hudhani kila kicheko ni tusi. Na ukimpata mtu anayethubutu kukutania mbele za watu, mtunze. Wa kukuheshimu utawapata popote.

Mungu akupe umri, mwanangu, akulainishie moyo, na siku yako ikifika asikosekane mtu wa kukutukana kwa mapenzi.