Wembe Mmoja kwa Familia Nzima

Ninyi vijana munaosoma ujumbe huu, leo sina maneno matamu. Tumemuzika yule mama wa mtaa wetu wa Katuba aliyekuwa ananyoa wafiwa. Kilio kikiwa mtaa wa Kamalondo, kikiwa Naviundu, ni yeye aliyeitwa. Mjane na yatima waliinamisha vichwa mmoja baada ya mwingine, chini ya wembe ule ule, sababu kwetu wanaamini kwamba kubadilisha wembe ni kuipasua familia. Damu ikitoka kidogo alipangusa na kidole chake, akaendelea. Nilimupenda. “Tulia, hii kichwa ni ya baba yako kabisa, milima mitupu,” alimuambia yatima, na mjane akacheka na machozi mashavuni.

Macho yake yalipogeuka manjano, majirani walisema mukamwana wake, bibi ya mutoto wake, amemulisha sumu. Na ni huyo mukamwana aliyemupeleka hospitali! Nilikuwa nao daktari alipotueleza. Ni virusi ya hepatite B, ugonjwa wa ini, inapita mu damu, hata ile iliyobaki kwenye wembe. Ini lina chembe za kazi, na lina chembe changa za akiba, anaziita seli shina, zinazoamka ili kujaza nafasi ya zilizokufa. Virusi ikikaa miaka mingi, mwili unapigana nayo humo ndani, chembe za kazi zinakufa bila kupumzika, na zile changa zinaitwa kila mara. Makovu yanajaa. Kisha chembe moja inaharibika, inazaana ovyo: kansa. Nikauliza kama virusi inaingia hata mu zile changa. “Hapo tungali tunatafuta, kambo,” alijibu, maana kwetu kambo ni mzee mwenye wajukuu. Angalau huyo hakunidanganya. Mimi niliwaza juu ya migodi yetu: wakubwa wakichoka, tunatuma watoto, kisha tunashangaa nyumba imeharibika.

Sasa sikieni upumbavu. Siku ya kumaliza kilio, ndugu ya marehemu alitoa wembe ule ule mu mufuko wake, ili anyoe wajukuu.

“Hii njo heshima yake, kambo,” alisema.

“Wembe ulimuua, na weye unauita heshima?”

“Shiye hatuko bazungu.”

“Hata virusi haiko muzungu. Muluba kama shiye anailisha vizuri tu.”

Watu walicheka, yeye hapana. Akamugeukia mukamwana: “Leta mutoto. Ao unaogopa nini, weye?” Akikataa, ni yeye muchawi. Akikubali, mutoto anaingia chini ya wembe. Nilimuona anaanza kumusukuma mutoto mbele. Nikaunyakua wembe, nikautupa mu choo. Yule bwana alinitukana mpaka nilipofika barabarani, na wengi wenu, vijana wenye kusoma shule, mulikuwa pale, mukitazama tu.

Nyumbani niliwaita watoto na wajukuu wangu wote, sikukaa hata kwenye kiti. Nikasema: kesho asubuhi munakwenda kupimwa damu, mwenye kuwa muzima achanjwe, na mimi nikikufa, kila kichwa kije na wembe wake mupya, asiye nao abaki na nywele zake.