Ng'ombe Tisa kwa Pumzi Moja

Meneja wetu cheo chake alikipata dukani. Alikuwa anaendesha duka la ushirika la kijiji, mtu wa kupima sukari kwa mizani na kumfokea kila anayeegemea kaunta. Kikundi cha baba yangu kilipohitaji mtu wa kuandika barua na kupanga safari, watu wakasema, meneja si tunaye? Wakamkabidhi na sisi, litungu pamoja na mashabiki wake, naye akatuendesha vilevile kama alivyoendesha duka.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo hapo kijijini, upande wa Genkuru, na kwa kuwa nilijua kuandika haraka nilifanywa katibu wa mashabiki. Wengi wetu tulikuwa wanawake. Baba alipokwenda kupiga litungu, chombo chetu kile kikubwa cha nyuzi nane, tulimfuata. Tulivuka Mto Mara tukaenda Kisaka, tukaenda Ringwani, tukarudi na vumbi hadi kwenye kope.

Wimbo wake mkubwa ulikuwa wa ng'ombe. Ndani yake kuna mahali aliwataja ng'ombe tisa, kila mmoja kwa rangi yake na pembe zake, bila kuvuta pumzi hata mara moja. Huo ndio ulikuwa mtihani wa mpiga litungu. Ukipumua katikati, watu wanasema ng'ombe wako wametawanyika, na ngoma inayofuata anaitwa mwingine. Baba alikuwa amewafikisha tisa zizini tangu mimi ni mtoto wa kubebwa mgongoni.

Kisha tukahamia kijiji kipya cha ujamaa, na kifua chake kikaanza kumsumbua. Mganga wa zahanati alimwambia aache kuimba. Alipofika nyumbani akamwambia mama kwamba ameshauriwa kunywa maziwa ya moto. Mama hakumwamini, lakini alichemsha maziwa.

Aliyeanza ni mama. Tulikuwa Kisaka, baba amefika ng'ombe wa sita, na mimi niliyekaa mbele nikaona mishipa ya shingo imemtoka na sauti inatetemeka. Mama akapiga kigelegele. Sisi wengine tukamfuata bila kuulizana, na chini ya kelele zile baba akaiba pumzi, akaibuka na ng'ombe wa saba akiwa na sauti ya kijana. Watu wakasema mzee bado yumo. Tangu siku hiyo, kila alipofika kwa yule wa sita, mwekundu mwenye baka jeupe tumboni, tulipiga. Hatukukaa kikao wala hatukuzungumza jambo hilo hata kisimani.

Na baba? Baba alijua kwamba anaiba pumzi. Alichodhani ni kwamba sisi hatujui. Alidhani tunapagawa tu na wimbo tukifika pale, na kwamba Mungu amempa bahati. Siku moja akiwa ananawa miguu aliniambia watu wa siku hizi wanampenda kuliko wale wa zamani, maana hawawezi hata kungoja ng'ombe waishe. Nikamwambia ni kweli, tata.

Basi ikaja barua. Ilikuwa kabla mpaka haujafungwa, na kampuni moja ndogo ya santuri ng'ambo ya Sirari ilitaka kuleta fundi na mashine aje kunasa nyimbo za kikundi chetu, santuri nzima, hapa hapa kijijini. Meneja akaitisha mkutano darasani kwangu, Jumamosi baada ya kazi ya shamba la pamoja. Watu wakajibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Baba alikaa la mbele kabisa.

"Upande mmoja wote ni wimbo wa ng'ombe," Meneja akasema. "Na nimeshaamua. Kimya. Mzee, litungu, na waitikiaji wawili. Hakuna vigelegele, hakuna filimbi, hakuna mtu kupiga miguu."

Darasa likalipuka. Mzee mmoja aliyekuwa hakosi ngoma hata moja, tangu ana meno yote, akainuka na fimbo yake.

"Sasa mura, wewe kijana, litungu bila watu ni litungu la wapi? Hata msibani watu wapo!"

"Shikamoo, mzee, nakusikia. Lakini mtu wa Dodoma akinunua santuri, anunue kelele za hapa? Tunaambiwa tuonyeshe utamaduni wetu. Mimi nataka kila ng'ombe asikike. Tisa, pumzi moja. Ringwani wakae huko waisikie, waone aibu."

Nilijua kabisa kitakachosikika. Wanawake wote tuliokuwa mle ndani tulijua, na wote kwa pamoja tukawa tunatazama viganja vyetu. Nikanyoosha mkono nikasema kwamba sisi mashabiki hatukubali, vigelegele ni sehemu ya wimbo.

"Sehemu ipi, Mwalimu?"

"Yote."

"Nipe sababu moja ya maana. Moja tu, niandike." Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa ameshika kalamu kweli. "Maana fundi ameniuliza pia habari za yule kijana wa Ringwani, anayeimba ng'ombe wake bila msaada wa mtu. Kama mzee wetu hawezi bila makelele, semeni sasa hivi, nimwandikie aende huko."

Nilikuwa na sababu, tena ilikuwa inanichoma ulimi. Lakini baba alikuwa amekaa mbele yangu, amegeuza shingo ananitazama, na uso wake umejaa majivuno kwamba binti yake anampigania. Ningeitamkaje? Nikasema, "Sababu ni kwamba tumezoea." Watu wakacheka, Meneja naye akacheka, nami nikakaa nikiwa nimekasirika kiasi cha kuvunja chaki mkononi.

Aliyetuokoa ni baba mwenyewe.

"Waacheni wapige," akasema. "Mimi nikiimbia ukuta nasahau."

Meneja hakuweza kumbishia. Alisema tutamsikiliza fundi, na mkutano ukafungwa.

Fundi alikuja na gari lililojaa nyaya, mtu mpole, mwenye Kiswahili cha kule kwao. Alikuwa na vipaza sauti viwili. Kimoja alikisimamisha mbele ya mdomo wa baba, cha pili akakielekeza kwetu. Meneja alifunga kamba ya katani kutoka nguzo hadi nguzo, mbali kule uwanjani, akatuambia tusiivuke. Nikambishia kuhusu kamba, tukavutana mbele ya mgeni, mpaka fundi akaingilia.

"Hakuna haja ya kupigana, madam. Hii ya mzee inaingia njia yake, na hii ya watu inaingia njia yake. Baadaye mtaniambia kama mnataka moja ama zote mbili."

"Zote mbili," nikasema.

Meneja akanitazama, akatazama watu waliopanga mstari nyuma ya kamba, akapumua. "Haya. Zote mbili. Nimekubali mbele ya watu."

Tulipiga makofi kana kwamba tumeshinda kesi. Kisha baba akaimba. Alipoanza kuwataja ng'ombe nilisahau kumeza mate. Wa nne akapita, wa tano akapita, na sisi kwa woga wa ile kamba na ule umbali, tukawahi. Tukapiga mara tu alipolianza jina la mwekundu, sauti bado haijatetemeka. Baba akafika tisa. Fundi akainua kidole gumba, na mama akaketi chini palepale kwenye nyasi.

Wiki chache baadaye Meneja alisafiri ng'ambo kwenda kusikiliza kabla santuri haijatengenezwa. Aliporudi nilimfuata dukani nikamuuliza kama aliwaambia zote mbili. Alikuwa anapanga sabuni kwenye rafu, hakugeuka. Akasema santuri itakuwa nzuri sana. Ningepaswa kumshika shati siku ile ile aseme ukweli. Nilinunua chumvi nikaenda zangu.

Santuri zilifika msimu wa palizi, zimefungwa kwenye boksi. Jumapili baada ya ibada kijiji kizima kikaja dukani. Katekista alileta gramafoni yake, ikawekwa juu ya kaunta ile ile tuliyokatazwa kuiegemea. Baba alipewa kiti. Alikuwa amevaa koti.

Litungu likaanza, na kusema kweli ilikuwa kama anapiga ndani ya kifua chako. Sijawahi kuzisikia zile nyuzi nzito namna ile, hata nyumbani. Kisha sauti yake, safi, iko karibu. Watu wakatazamana kwa furaha. Mimi nilitega sikio kuwatafuta watu wetu, mzee wa fimbo, filimbi, miguu, sikuwasikia. Nikajua Meneja amechagua njia moja.

Ng'ombe wakaanza kupita. Kwenye wa sita vigelegele vyetu vikaja kutoka mbali, vimeingia kwa bahati tu kwenye kipaza sauti cha baba, vidogo, kama kuna arusi kijiji cha pili. Na baada yake, wazi kabisa, mbele yetu sote, pumzi. Haikuwa pumzi ya kuficha. Ilikuwa ndefu, yenye mkwaruzo, ya mtu anayepanda mlima na mzigo. Halafu ng'ombe wa saba.

Mgeni mmoja aliyekuja kununua mafuta ya taa akasema pale mlangoni, "Huyu amepumua." Hakuwa na nia mbaya. Meneja akanyanyua sindano haraka.

"Irudishe," baba akasema.

"Mzee, tuisikilize upande wa pili..."

"Irudishe pale."

Ikarudishwa mara mbili. Mara ya pili baba alikuwa amefumba macho, na kidole chake kinahesabu juu ya goti. Kisha akainuka, akavaa kofia, akamshukuru katekista kwa gramafoni, akatoka. Watu walimpisha njia.

Nilimgeukia Meneja mbele ya wateja wake wote. Nilimwita mwongo. Nilimwambia alikubali mbele ya watu.

"Nilikubali," akasema. "Nilikwenda kule nikaisikia sauti yake peke yake, Mwalimu, nikalia mbele ya wazungu wenye kampuni. Nikasema, hii niifunike na kelele? Ile pumzi niliisikia. Nikadhani ni ya siku ile tu, ni joto. Ningejuaje? Nilikuuliza sababu. Nilikuwa na kalamu mkononi."

"Ungemwandikia fundi aende Ringwani."

"Labda," akasema. "Lakini mngeniambia."

Nilimchukia kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Kama ningemfuata dukani jioni ya ule mkutano nikamweleza, tungeweza kutafuta njia. Niliona ni kumlinda baba. Kumbe nilikuwa nalinda zaidi ile siri yetu tamu ya wanawake, tuliyojivunia mioyoni.

Nilimkuta baba uani, amekaa kwenye kigoda, litungu liko magotini lakini halipigi. Ilikuwa bado mchana, jua linachoma. Nikamsalimu.

"Mlianza kabla," akasema.

"Tata..."

"Sijakwama bado, mkaanza. Mtu mwenye furaha hupiga ng'ombe wakishaingia zizini, hapigi wakiwa njiani." Akagusa uzi mmoja akaunyamazisha kwa kiganja. "Mlijua. Tangu lini?"

"Tangu Kisaka."

"Mama yako?"

"Ndiye aliyeanza."

Nilimwona baba anazipita kichwani ngoma zote, moja baada ya nyingine, Kisaka, Ringwani, mavuno, sherehe za chama, jando, na kila moja anaivua kitu. Nilitaka kumwambia aache kuhesabu.

"Kuna siku hata moja," akauliza, "mlipiga kwa sababu nimeimba vizuri?"

Jibu nilikuwa nalo. Ilikuwa kila siku, kwa uzuri wa wale ng'ombe wa kwanza hadi wa tano, hata huko Kisaka nilipokuwa nimeshika roho mkononi. Lakini mimi niliyekuwa nalipua darasa zima kwa maneno nilichelewa kulitoa, na alinisikia nikichelewa. Nilipolisema lilitoka dogo.

"Kila siku, tata."

Akanitazama kama Meneja alivyonitazama akiwa na kalamu yake.

"Basi piga sasa," akasema. "Siimbi. Sikohoi. Piga."

Nilitazama huku na huku. Jirani alikuwa anaanika mtama. Kuku walikuwa wamelala kivulini. Nikasimama katikati ya ua, nikapiga kigelegele. Cha kwanza kilivunjika. Cha pili kikatoka sawasawa, na cha tatu nilikivuta mpaka machozi yakanitoka na jirani akaacha mtama wake.

Mama akachomoka jikoni na mwiko mkononi, unga umemjaa hadi viwiko.

"Nani amejifungua?" akauliza. "Ni nani?"

"Hakuna aliyejifungua," baba akamwambia. "Nimeimba vizuri."