Thelathini na Nane Isiyokuwa Thelathini na Nane

Meza yangu ya jikoni, hapa Woolwich, ina matundu mawili pembeni, kila moja laingia kidole. Wageni hudhani ni panya. Panya gani huyo anayetoboa mbao duara vile? Ni matundu ya skrubu za mashine ya mume wangu, na mie sitaki yazibwe.

Nimesoma mpaka darasa la tatu, Pemba, kisha nikatolewa skuli. Lakini chukua mwanamke yeyote wa rika langu hapo sokoni, muulize kwa nini risasi inayoitwa thelathini na nane si thelathini na nane. Atakukodolea macho. Mie nitakujibu.

Tulipooana hatukuwa tukijuana. Alikuja nyumbani kunioa, akanileta London, akarudi kwenye basi lake analoendesha. Mie nikapata kazi ya usafi hospitali. Nikirudi, yeye ndio anatoka. Siku tukikutana maneno yetu yalikuwa ni bili, watoto na chakula. Yakishakwisha hayo tunatazamana kama abiria waliokosa treni. Hilo ndilo lililokuwa likinitia hofu, si baridi wala Wazungu: kuzeeka na mtu ambaye sina la kumwambia.

Kilichotuokoa ni baruti.

Wakati ule bastola zilikuwa halali hapa, ukiwa na leseni na klabu. Dereva mwenzake alimpeleka klabu ya kulenga shabaha, akanogewa, akapata leseni na bastola zake. Wanaume wa klabu ile hawakuwa wakinunua risasi, wakizijaza wenyewe. Ganda lililokwishapigwa huliokota, wakalisafisha, wakalitia fataki mpya ya kuwashia, baruti mpya na kichwa kipya. Basi siku moja naye akaja na mashine ya chuma yenye mkono mrefu kama wa pampu ya kisima, akaifunga kwenye meza yangu. Jikoni kwangu!

"Baba watoto, hapo ndipo ninapokanda unga."

"Kanda kwenye sinia."

"Na nyumba ikiripuka?"

"Ikiripuka hutakuwa na unga wa kukanda."

Nikampa masharti. Meza ile iwe yake na aninunulie nyengine ya chakula, maana madini ya risasi ni sumu. Watoto wasitie mguu. Ajaze Jumapili mchana tu, na mie nikae papo hapo nimwone. Alikubali yote, na la mwisho alilikubali huku anacheka, akidhani nitachoka.

Sikuchoka. Nilikaa mwanzo kwa ushushushu, baadaye kwa kupenda. Kazi yangu ikawa kukagua maganda. Lenye ufa nalitupa koponi. Yeye ana mizani yake ndogo kama ya sonara, na akipima hasemi na mtu. Mie mkate wa kumimina napika kwa jicho na hauniharibikii. Yeye jicho halimtoshi.

"Jicho lako ni la mchele," aliniambia. "Hapa ukikosea, mkono haurudi."

Akishamaliza, akishafunga kila kitu kwenye kabati la chuma ambalo askari wa leseni walikuwa wakija kulikagua, ndipo tunapokaa na chai sebuleni. Na hapo ndipo maneno yakaanza.

Siku moja nilimwambia, "Leo umejaza viasi vingi."

"Viasi vya nini? Vya sukari?"

"Babu yangu alikuwa na gobori la kupigia nguruwe waliokuwa wakimalizia muhogo. Baruti na risasi ya kupiga mara moja akiita kiasi."

Akaiweka bilauri chini. "Mama watoto, basi nyinyi ndio mlioita sawasawa. Kitu chenyewe ni kipimo. Hawa wenzetu wanataja kipimo kisha wanasema uongo."

Ndipo aliponisimulia habari ya thelathini na nane. Nambari ile ni upana, inchi moja ukiigawa mafungu mia. Lakini ukikipima kichwa cha risasi yenyewe hupati thelathini na nane, unapata thelathini na sita, tena haikutimia. Zamani kichwa kilikuwa kinene sawa na ganda lake, kimekaa juu ya mdomo kama kifuniko. Baadaye mafundi wakakipunguza kikaingia ndani ya ganda. Kipimo kikapungua, jina likabaki pale pale.

"Aa!" nikasema. "Basi ni kama kitindamimba wetu."

Binti yetu wa tatu tulimwita kitindamimba, kwa sababu tuliapa wote wawili kuwa ndiye wa mwisho. Kisha akaja mdogo wake. Hakuna aliyethubutu kumvua jina. Leo ana watoto wanaonipita kwa kimo, naye bado ni kitindamimba mwenye mdogo wake.

Mume wangu alicheka mpaka chai ikamwagikia kikoi. Tangu hapo, thelathini na nane kwetu ni Kitinda. Ipo na arubaini na nne, hiyo ni mwongo mkubwa zaidi, hata arubaini na tatu haifiki. Hiyo tuliiita Shangazi, kwa kuwa shangazi yake alikuwa akidanganya umri. Na siku nilipomuuliza ile risasi waiitayo magnum ni nini, alijikohoza.

"Chupa."

"Chupa ya nini?"

"Chupa kubwa."

"Ya nini, bwana wee?"

"Ya mvinyo."

Nikasimama. "Umeniletea mvinyo mezani kwangu!"

"Jina tu, mama watoto! Walitaka kusema kuwa ina nguvu zaidi, wakaazima jina la chupa."

"Hata jina, litoe."

Ikaitwa Sharubati. Na kweli, nilikuwa nikitoka kazini mgongo umekatika, nikikumbuka kuwa kesho Jumapili, natembea mbio.

Kisha mtu mmoja aliingia skuli na bastola, akaua watoto wadogo. Mume wangu alikaa mbele ya televisheni machozi yanamtoka. Serikali ilipopiga marufuku bastola, hakubishana kama wenzake wa klabu. "Hata wasingesema, ningezitoa," alisema. Akazipeleka polisi mwenyewe, na risasi zake zote, na baruti na fataki. Akafungua skrubu, akampa mtu wa vyuma chakavu mashine. Lilibaki kopo la biskuti limejaa maganda matupu, ambayo hayamdhuru mtu.

Mie sheria ile sikuilaumu hata siku moja. Lakini Jumapili iliyofuata mume wangu alikaa kwenye kochi akanyamaza. Na iliyofuata vile vile. Nikaleta habari za bili, akaitikia "Hmm." Nikaleta za watoto, "Hmm." Nikaona yale maisha ya abiria wawili yanarudi, na safari hii watoto wamekua, hata kelele zao hakuna.

Basi nikaenda kuchukua kopo la biskuti, nikakaa mbele yake. Nikatoa ganda la Shangazi, nene, hata kipofu angelijua. Nikalinyanyua kwenye mwanga.

"Kitinda huyu alikuwa mzuri sana," nikasema.

Nikalizungusha ganda vidoleni.

"Kitinda kanenepa, lakini."

Akageuka. "Hicho Kitinda?"

"Si Kitinda?"

"Mwanamke wewe! Miaka yote uliyokaa mezani kwangu! Lete hapa." Akanipokonya, akavaa miwani, akaanza tangu mwanzo, kifuniko na mdomo na mafundi na shangazi yake. Maghribi ilitukuta hapo hapo.

Tangu siku ile mie ni mjinga wa maganda. Kila Jumapili nakosea, na kila Jumapili ananisomesha. Tumezeeka hivyo.

Juzi alikuja mjukuu wangu wa kike, mtoto wa Kitindamimba mwenyewe. Anasomea uhandisi chuo kikuu, na nalisema hili kwa mtu yeyote nikutanaye naye kituo cha basi. Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Alikuja na kipimo chake cha kuonesha nambari, tukakaa jikoni yeye na mie, akawa anapima maganda. Mie nikawa namtajia kila moja kabla hajalipima, hata bila miwani. Akaniangalia.

Akasema kwa Kiingereza chake: Bibi, unayajua yote. Mbona kwa Babu unayakosea? Akainuka kwenda sebuleni kumwambia.

Nilimdaka mkono. "Kaa kitako! Ukimwambia, Jumapili utakuja wewe kuzungumza naye?"

Akakaa. Akaitazama meza, akatia kidole kwenye tundu moja, akakizungusha. Kisha akaokota ganda la Sharubati, refu, linang'aa, akanitia mkononi.

Nikapaza sauti kuelekea sebuleni. "Baba watoto! Nimempata Shangazi!"

Tukasikia kochi linalia, na mkongojo wake unagonga sakafu, anakuja.

"Hebu nione," alisema kabla hajafika mlangoni. "Maana wewe sikuamini."