Vidonge Ambavyo Opal Hakuvipeleka Nyumbani

Opal Ratliff aliwapikia watoto wa shule huko West Virginia, Marekani, mpaka goti likamshinda, akafanyiwa upasuaji. Daktari alimwandikia dawa ya maumivu isiyomtia mtu uraibu. Lakini Dwight, mfamasia wa duka la dawa, alimwekea mezani kichupa kingine.

"Bima imeikataa ile, Mama Opal. Wanalipia vidonge hivi vya jamii ya kasumba, yaani afyuni. Uvitumie kwanza, vikishindwa ndipo walipie ile."

"Virudishe kabatini."

"Utalia usiku, mama."

"Nitalia. Binti yangu Jolene katoka juzi tu kwenye kituo cha kuachishwa vidonge hivihivi. Nimlaze navyo nyumba moja?"

Akaegemea mkongojo, akawapigia simu watu wa bima palepale, spika wazi, foleni nzima ikisikia. Binti wa bima akamuuliza kwa upole kama amewahi kutumia vidonge vile vikashindwa.

"Mwanangu wa kiume, kaka yake Jolene, alivitumia. Tukamzika. Kushindwa huko kunatosha, au mnangoja na mwingine?"

Binti akashusha sauti. "Pole, mama. Nitapeleka rufaa yako, ila siwezi kukuahidi kitu."

"Usiniahidi. Kesho napiga tena, na keshokutwa. Mtalijua jina langu kuliko la mama mkwe."

Mzee mmoja kwenye foleni akacheka, akamfungulia mlango. Opal akatoka akichechemea, akiuma meno kwa maumivu.

Nyumbani, Jolene alimtazama mikono mitupu.

"Wamekupa dawa gani?"

"Bado tunagombana na bima," Opal akasema, akiinua mguu juu ya kiti. "Niletee barafu, mwanangu."